Gari la Tajiri au Gari Lako?

Barua za madereva zimekuwa nyingi kuliko za mambo ya ndoa mwezi huu. Nimechagua tatu zinazogusana.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa transit, nina miaka 39, nakaa Mbagala na familia. Naendesha gari la kampuni moja ya hapa Dar, njia yangu ni Lubumbashi, mara nyingine Kolwezi, huko Kongo. Mshahara ni laki sita na nusu kwa mwezi, posho ya safari milioni moja na laki moja kwa tripu. Nimepata mtu anauza kichwa cha Scania na tela la ekseli tatu, vyote milioni 140. Nina akiba ya milioni 60 na kiwanja Chanika ambacho nimeambiwa kinafika milioni 20. Muuzaji amekubali nitoe 80 sasa, 60 iliyobaki nilipe mwaka mmoja, milioni tano kila mwezi. Dalali wa mizigo ananiambia kwenda Lubumbashi ni dola 4,800, kurudi na shaba dola 3,500. Dizeli na matumizi ya njiani ni kama milioni 10 kwenda na kurudi. Kwa hesabu yangu kila tripu inaacha milioni 10 na ushee. Nikilipa deni nabaki na tano, mara tatu ya ninachopata leo. Mke wangu hataki kiwanja kiuzwe. Nimechoka kumtajirisha mtu mwingine. Nishauri mama.
Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba baba. Mwambie mama watoto kiwanja hakiuzwi. Nimeanza na hilo ili alale, sasa tukae mimi na wewe na daftari.

Hesabu yako ni ya mtu anayeijua njia. Dizeli umeiweka sawa: kwenda na kurudi Lubumbashi ni kama kilomita 4,000, gari lenye mzigo linakula lita moja kwa kilomita mbili au mbili na kidogo, kwa hiyo lita 2,000 si uongo. Tatizo ni kwamba umeipiga ukiwa kwenye usukani, na kwenye usukani unaona gari linalotembea. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye meza ya karani wa safari, yadi moja ya Tabata, kabla sijahamia Uyole na kushika hesabu za malori yetu ya familia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika magari yaliyosimama.

Karatasi ya safari unaijua, umeisaini mara nyingi, lakini nina hakika hujawahi kukaa nayo ukatoa tarehe moja kwenye nyingine. Tarehe ya kuingia bandarini. Tarehe ya kupakia. Kutoka Dar, kufika Tunduma, kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, kufika Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, kuvuka, kushusha, kupata mzigo wa kurudi, kupakia, kisha njia ile ile nyuma. Kwenye karatasi nyingi zilizopita mikononi mwangu, siku za kusimama zilizidi siku za kutembea. Siku hizo zote wewe ulikuwa unalipwa mshahara wako na tajiri alikuwa anaumia. Ukinunua gari, maumivu hayo unayanunua pamoja nalo, na hayamo kwenye ile milioni 140.

Tunduma imekuwa afadhali tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2019, ukaguzi unafanyika upande mmoja. Hata hivyo mpaka ni mpaka. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugomvi wa kibiashara na Kongo, na foleni iliyobaki nyuma yake haikuisha siku lango lilipofunguliwa. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kusafirisha kobalti nje, na zuio likaendelea mpaka Oktoba walipoanza kugawa viwango kwa kampuni. Gari lililokuwa limezoea kupakia kobalti Kolwezi lilikwenda kugombea shaba na wenzake. Kampuni yenye malori mia inahamisha kumi kwenye mbolea ya Zambia, kumi kwenye mahindi, maisha yanakwenda. Wewe mwenye gari moja utakaa chini ya tela ukipika ugali, na tarehe tano ya mwezi muuzaji anapiga simu.

Sasa twende kwenye ile shaba, maana ndiyo imebeba ndoto yako yote. Kurudi na shaba kunalipa, sikatai. Lakini tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 mwaka 2024. Tela moja lenye tani 30 linabeba mali ya dola laki tatu. Jiweke kwenye kiti cha mwenye shaba: unampa mzigo huo mtu mwenye gari moja, asiye na bima ya mzigo, asiye na ofisi, ambaye gari likipotea huna wa kumshika? Huwezi. Wenye shaba wanataka kampuni yenye bima ya mzigo ya maana, kifaa cha kufuatilia gari, na magari ya kutosha kulipa hasara. Dalali wako hasemi uongo kuhusu bei, ila bei hiyo ni ya mtu mwingine. Mwenye gari moja anaipata shaba pale kampuni kubwa inapozidiwa na kumrushia mzigo, na kampuni hiyo inakata chake kabla hajapewa yeye. Mara nyingine anarudi tupu.

Nichukue namba zako mwenyewe nizipitishe kwenye mwaka mzima. Dola niihesabu kwa 2,500 ili kichwa kisiume. Kwenda ni milioni 12. Kurudi na mzigo ni milioni 8 na robo tatu. Tuseme umefanya tripu 9, na kwa mwenye gari moja anayejipangia mwenyewe hizo si chache. Kwenda mara 9 ni milioni 108. Tuseme umepata mzigo wa kurudi mara 4, ni milioni 35. Jumla 143. Matumizi ya njiani, milioni 10 ukirudi na mzigo, tisa ukirudi tupu, yanafika 85. Umebaki na 58.

Hapo ndipo wewe uliposimama, na ndipo gari linapoanza kudai chake. Kichwa chako kina tairi 10, tela lina 12. Mimi natenga laki saba na nusu kwa tairi moja jipya la Kichina, na kwa njia ile seti nzima haifiki mwaka wa pili. Tairi 22 ni milioni 16 na nusu. Oili, filta, grisi, breki na bushi, kila ukirudi, niweke milioni 8 kwa mwaka. Bima kubwa, kadi ya njano ya COMESA ambayo ni bima ya nje ya nchi, leseni ya usafirishaji ya LATRA, ada na kodi ya TRA, niweke 10 na sitakuwa nimetia chumvi. Zimebaki milioni 23 na nusu. Na gari hilo ni la mkono wa pili, baba. Ndani ya mwaka mmoja lina haki ya kuua gia boksi au difu mara moja, na ukifunga mahesabu ya spea, fundi na gari la kuvuta, milioni 10 imekwenda. Umebaki na 13 na nusu.

Deni lako ni milioni 60.

Hata deni ukilifuta, angalia unachopata leo: mshahara wa mwaka ni milioni 7 na laki nane, posho za tripu hizo hizo 9 ni milioni 9 na laki tisa. Karibu milioni 17 na laki saba, bila tairi, bila difu, bila kukosa usingizi. Kwa hiyo mwaka wa namna hiyo ungefanya kazi zaidi, ungelipwa kidogo, na muuzaji angelichukua gari pamoja na milioni 80 zako.

Lakini nikibadilisha kitu kimoja tu kwenye hesabu hii, picha inageuka. Badala ya kurudi na mzigo mara 4, rudi nao mara 7. Mapato yanapanda mpaka 169, matumizi yanapanda kidogo tu kwa sababu gari lingerudi hata hivyo, na baada ya tairi, bima na gia boksi unabaki na milioni 36 na ushee. Hiyo ni mara mbili ya unachopata leo. Ndiyo maana nakwambia swali lako hukuliuliza vizuri. Bei ya Scania si ya kukunyima usingizi, magari yapo mengi. Nani atakupakia ukiwa Lubumbashi, na amekuandikia wapi? Hilo ndilo la kulijibu kabla hujatoa shilingi.

Kuna mambo mengine ambayo ukiwa dereva wa kampuni unayapita bila kuyaona. Mzani ni mojawapo. Tangu Machi 2019 tunapimwa kwa sheria ya Afrika Mashariki: ekseli ya mbele tani 8, zile mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Gari kama hilo unalolitaka mwisho wake ni tani 50. Konteina linaweza kuwa halali kwa uzito wote, lakini mzigo ndani umepangwa mbele, ukipanda pale juu ya sahani ekseli za kichwa zinasoma 19 na nusu wakati za tela zina nafasi. Kwa kampuni unapiga simu ofisini na kuketi kivulini. Kwa gari lako utatafuta vibarua, utaomba ruhusa ya kupanga upya, utalipa faini na siku itakufa, na mwenye mzigo aliyepakia vibaya hatapokea simu. Ndiyo maana mwenye gari makini hakubali kutoka yadini bila kupimwa, hata kama dalali anapiga kelele kwamba meli inasubiri.

Na malipo. Dalali anakupa advansi, mara nyingi inaishia kwenye dizeli na mipaka. Iliyobaki unalipwa ukirudisha karatasi za kupokelea mzigo zenye mhuri, na hapo unaambiwa subiri siku 30, zinakuwa 45, wengine 60. Wakati unasubiri pesa ya tripu ya kwanza, gari linataka dizeli ya tripu ya pili. Mtu aliyemaliza akiba yake yote kununua gari, hiyo dizeli anaikopa kwa riba au anachukua mzigo wowote kwa bei yoyote. Nimeona magari mazuri yakiuzwa bei ya kutupa huku yanadai watu pesa nyingi kuliko deni la mwenye gari.

Sasa nikupe jibu langu. Gari hilo, kwa masharti hayo, usinunue. Milioni 60 zako ni jasho halali na sitaki ziishie kwenye yadi ya mtu. Zikae benki, uendelee kuongeza. Lakini sikwambii ubaki dereva maisha yako yote, na ile kauli yako ya kuchoka kumtajirisha mtu nimeisoma mara mbili. Dereva wa miaka 39 anayeijua njia hiyo, mwenye akiba hiyo kwa mshahara huo, ana nidhamu ambayo matajiri wengi hawana. Itumie hivi: nenda kwa meneja wa usafirishaji wa kampuni yako, muulize kama wanachukua magari ya watu kufanya kazi chini ya mkataba wao. Kampuni nyingi zinafanya hivyo mzigo unapozidi, na baadhi huwauzia madereva wao wazuri magari yanayotolewa kwenye msafara. Gari uliloliendesha mwenyewe unajua lilipata joto lini na difu ilifunguliwa lini, hilo ni jambo ambalo muuzaji wa Scania hawezi kukupa. Wakikupa maandishi kwamba watakupakia kwenda na kurudi, hata wakikata chao, hapo tuongee tena.

Na siku utakapokuwa tayari, bei ya gari uilipe yote, na kando yake ubaki na fedha ya tripu mbili za dizeli na gia boksi moja. Usianze bila hiyo. Kadi ya kichwa na kadi ya tela ni mbili tofauti na namba zake ni tofauti. Zote mbili zikaguliwe TRA, namba ya chesesi isomwe kwenye chuma chenyewe, msiishie kwenye karatasi. Watu wananunua kichwa kisafi chenye tela la mtu mwingine.

Kwa sasa, ukiwa bado kwa tajiri, dai kilicho chako. Mkataba wa maandishi ni haki yako kisheria. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Nenda kaangalie kama inafika. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Siku utakapokuwa mwenye gari na dereva kwa pamoja, ukivunjika mguu mlima Kitonga hakuna mwajiri wa kukujazia fomu ya fidia. Wanaonunua gari hawaliweki hili kwenye hesabu, na mimi nimewahi kuwachangishia fedha wake wa madereva kwa sababu hiyo.

Jambo la mwisho, reli. TAZARA Wachina wamesaini kuifufua, na ile ya Lobito kule Angola tayari inavuta shaba kuipeleka Atlantiki. Malori hayafi kesho, lakini mtu anayeingia kwa deni aangalie mbele zaidi ya mwaka mmoja.


SWALI: Mama shikamoo. Nina miaka 27, niko Tunduma, nimekuwa utingo kisha dereva kwa miaka michache. Kuna tajiri anataka kunipa lori la Howo kwa mkataba. Nitamletea milioni 6 kila mwezi kwa miezi 24, baada ya hapo gari ni langu. Matengenezo yote ni yangu, bima yangu. Kadi inabaki kwake mpaka nimalize. Nikikosa miezi miwili mfululizo analichukua na hakuna kurudishiana. Sina mtaji, hii ndiyo nafasi yangu pekee. Wenzangu wananiambia nichangamke kabla hajampa mwingine.
Kijana, Tunduma

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie wenzako wachangamke wao.

Milioni 6 mara 24 ni milioni 144. Nenda hapo hapo Tunduma kwenye yadi zinazouza magari, uliza Howo la umri huo linauzwa ngapi leo kwa fedha taslimu, uandike pembeni. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo riba yako. Tajiri anaita mkataba, lakini ni mkopo, na ni mkopo ambao mkopeshaji halipi hata bushi.

Umeona kwenye jibu la kaka yako wa Mbagala jinsi mwaka mzima wa tripu unavyoweza kuacha milioni 13. Wewe unatakiwa kutoa milioni 72 kwa mwaka kutoka kwenye gari la aina ile ile. Labda una mzigo ambao yeye hana. Kama unao, niandikie tena. Kama huna, mimi naona mwezi wa tisa au wa kumi injini inaomba matengenezo, unakosa miezi miwili, gari linarudi kwa mwenyewe likiwa na injini uliyoitengeneza wewe, na mwezi unaofuata anapewa kijana mwingine mwenye miaka 27. Biashara hiyo haihitaji wewe umalize. Inamlipa zaidi ukishindwa katikati.

Hili halipo kwetu peke yetu. Marekani, ambako vijana wetu wengi wa Kongo, Kenya na Tanzania wanaendesha malori, kampuni zimekuwa zikiwapa madereva magari kwa mikataba ya jinsi hii, na kikosi kilichoundwa na serikali kuichunguza kilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku. Mtu aliyenaswa nayo Ohio na aliyenaswa nayo Tunduma wanalia kilio kimoja.

Kama bado moyo unakuvuta, rudi kwake na haya, uyasome mbele yake. Siku ambazo mpaka umefungwa au gari liko bandarini kwa amri ya serikali zisihesabiwe kwenye mwezi wa malipo. Injini na gia boksi zikifa miezi sita ya mwanzo, gharama ni yake, maana zimekuja na ugonjwa wake. Kila malipo yapite benki kwenda akaunti yake, hakuna fedha za mkononi. Kadi na fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa zikae kwa wakili mnayemkubali wote wawili. Na akilichukua gari baada ya wewe kulipa nusu au zaidi, kuna kiasi anakurudishia, kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tajiri mwenye nia njema atabishana na wewe kwenye baadhi ya hayo na mtafika mahali. Akikasirika na kukuambia wapo wengi wanaosubiri, amekujibu.

Una miaka 27. Tafuta kampuni inayolipa posho kwa wakati, uendeshe, uwafahamu wenye mizigo wa pande zote mbili za mpaka kwa majina na kwa simu zao. Mtaji wako wa sasa ni hao.


SWALI: Shikamoo mama, mimi nakusoma nikiwa Changamwe, Mombasa. Mume wangu ni dereva na mwenye lori lake mwenyewe, Mombasa hadi Kampala kupitia Malaba. Alilinunua 2017 kazi ikiwa nzuri. Mwaka uliopita limesimama zaidi ya kutembea, na tumeuza ng'ombe wa kijijini ili kununua tairi. Sasa kampuni moja imemwita awe dereva wao, mshahara mzuri kiasi, na bima ya matibabu. Anakataa. Anasema watu wa Mariakani watasema ameanguka. Nimwambieje?
Mke, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kuuza ng'ombe kununua tairi, hapo nimekuelewa bila maelezo zaidi.

Mume wako alinunua wakati ambao mtu mwenye akili timamu angenunua. Mwaka uliofuata SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikaanza kubeba konteina, na 2019 ikatoka amri kwamba konteina za Nairobi na za nje zipande treni. Watu waliandamana Mombasa wiki baada ya wiki. Amri hiyo ililegezwa, ikarudi, mpaka serikali mpya ilipoiondoa Septemba 2022. Katikati hapo wenye magari mengi walibana matumizi wakavuka, wenye gari moja walikula akiba. Kwa hiyo asijilaumu kwa lori kusimama, na wewe usikubali mtu amlaumu mezani kwako.

Nikiwa wewe, kuhusu watu wa Mariakani nisingemwambia neno. Mwanamume aliyekaa na gari lake miaka hiyo yote habadiliki kwa kuambiwa majirani hawana maana. Ningempa karatasi na kalamu siku ambayo hana hasira, nikamwomba aniandikie mwaka uliopita: lori lilileta nini, lilikula nini, na shilingi iliyobaki aigawe kwa miezi 12. Kisha aandike pembeni mshahara aliopewa, na pembeni yake hospitali mliyolipa mfukoni. Aandike kwa mkono wake. Usimsomee wewe.

Jambo moja nataka aliulize kabla hajasaini huko kwenye kampuni: je, wanachukua magari ya watu kwa mkataba? Kama wanachukua, na wako tayari kuandika, basi yeye aingie kama dereva wao, lori liingie kazini kwao chini ya dereva mwingine, na wewe mwanangu ushike daftari. Kila tripu uandike tarehe ya kutoka, ya kufika, dizeli kwa lita, na kilichobaki. Mpeni miezi sita. Lisipojilisha kwa miezi hiyo, liuzeni.

Kama kampuni haichukui magari, liuzeni sasa hivi likiwa bado na tairi mlizozinunua kwa ng'ombe. Lori linalokaa juani linapoteza betri, mipira ya breki na bei yake, na bima yake inaendelea kudai. Msikubali mnunuzi wa kulipa kidogo kidogo. Fedha zote ziingie benki, ndipo umiliki uhamishwe. Kutoka kwenye fedha hizo rudisheni ng'ombe, kilichobaki kiwekwe mahali ambapo hamuwezi kukigusa bila saini zenu wote wawili.